Mtembea kwa Miguu Asivishwe Kengele

Katika nchi zilizotangulia kwa viwanda limezuka jambo ambalo yatupasa sisi wakulima na wafanyakazi wa nchi hii tulitazame kwa makini. Motokaa zisizo na dereva, ambazo miaka michache iliyopita zilikuwa hadithi tu, sasa zinachukua abiria kwa nauli katika miji kama Phoenix na San Francisco huko Marekani. Na kwa kuwa motokaa hizo bado hubabaika zinapokutana na mtu aendaye kwa miguu, wako mafundi wasemao kwamba dawa ni mtembeaji mwenyewe avae kifaa mwilini. Kifaa hicho chaweza kuwa saa ya mkononi, bangili, kofia, au walau simu iliyo mfukoni, nacho kitaipasha motokaa habari kwamba mwenye kukivaa yuko mahali fulani na kwamba yu karibu kuvuka.

Wako watakaocheka. Watauliza, Musoma na motokaa isiyo na dereva ni wapi na wapi? Bunda ambako mchunga bado anavusha ng'ombe juu ya lami, kuna haja gani ya kuzungumza habari za San Francisco? Sisi twasema haja ipo, tena ni kubwa. Kila kilichoundwa ng'ambo mwisho wake hufika kwetu. Gari nyingi zipitazo katika barabara zetu leo zilikwisha kutumika Japani kabla ya kuja hapa, na magari yanayouzwa mapya huko leo, yenye kamera na breki zijikamatazo zenyewe, ndiyo yatakayouzwa kwetu kesho yakiwa makuukuu. Mashine ikifika, huja pamoja na desturi zake. Ikiwa desturi hiyo ni kwamba mtu asiyevaa kifaa hana haki ya kuonekana, basi tutakuwa tumeletewa sheria ambayo hatukuitunga.

Kwanza tueleze jinsi jambo lenyewe lilivyo, maana si haki kulihukumu kabla ya kulielewa. Motokaa ijiendeshayo ina kamera, ina rada, na mara nyingi ina mtambo wa kurusha miali ya leza ili kupima umbali wa kila kitu kilicho mbele yake. Habari hizo zote huingia katika kompyuta. Kuona tu si kazi ngumu sana kwa mashine. Kazi ngumu ni kukisia. Mtu aliyesimama ukingoni mwa barabara, je, anataka kuvuka, au anamngoja mwenzake? Dereva mzoefu wa basi la Musoma hutazama uso wa mtu, bega lake na mguu wake, akajua. Kompyuta haina uzoefu huo ila ule iliofundishwa.

Ndipo lilipozaliwa wazo la kifaa cha kuvaliwa. Ndani ya saa za kisasa mna kihisio kidogo kinachopima mwendo wa mkono na wa mwili, hata saa ikajua kama mwenyewe amesimama, anatembea au ameanza kukimbia. Habari hiyo ikirushwa kwa mawimbi ya redio, yaweza kufika mahali jicho la kamera lisipofika: nyuma ya lori lililoegeshwa, katika kona, au gizani. Mwaka 2013 kampuni ya Honda ilionyesha namna simu ya mtembeaji inavyoweza kuwasiliana na motokaa. Mwaka 2015 kampuni ya Volvo, ikishirikiana na Ericsson, ilionyesha kofia ya mpanda baiskeli yenye kufanya kazi ya namna hiyo hiyo. Tangu hapo utafiti umeendelea katika vyuo na viwanda vingi.

Hatutaki kuwa watu wa kukataa elimu kwa sababu imetoka mbali. Mtoto anayechomoka nyuma ya basi lililosimama kushusha abiria hapo Bunda haonekani kwa dereva wala kwa kamera mpaka awe tayari yuko mbele ya gari. Kama kipo kitu kiwezacho kumwonya dereva mapema, hata kwa sekunde moja, basi kitu hicho ni chema. Tunalipokea jambo hilo kwa mikono miwili.

Lakini tunauliza: mzigo wa kuonekana aubebe nani? Aubebe mwenye chombo chenye uzito wa tani na mwendo wa kuua, au aubebe mwenye ndoo kichwani? Hapo ndipo penye hatari yote ya jambo hili, na hapo ndipo Mwanachama anapopaswa kuwa macho.

Tulitazame tukio lililotokea huko huko kwa wenye maarifa hayo. Usiku wa tarehe 18 Machi, 2018, katika mji wa Tempe, jimbo la Arizona, motokaa ya majaribio ya kampuni ya Uber ilimgonga na kumwua mwanamke wa miaka 49 aliyekuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli yenye mifuko. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilichunguza ajali hiyo, na mwaka 2019 ikatoa taarifa yake. Ilionekana kwamba mitambo ya motokaa ilikuwa imemwona mwanamke yule sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Kwa mwendo iliokuwa nao, hapo ilikuwa mbali naye kwa karibu mita 100. Lakini ilibabaika: mara ilimdhania kuwa gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli. Na sababu mojawapo ni kwamba programu yake haikutengenezwa kuwaza kuwa mtu aweza kuvuka mahali pasipo na alama za kuvukia. Naye mtumishi aliyewekwa ndani ili aishike gari likitokea jambo, alikuwa akitazama simu yake.

Je, mwanamke yule angevaa bangili angalipona? Labda. Lakini motokaa ilikwisha kumwona! Habari haikukosekana, iliyokosekana ni hadhari. Waliounda mashine ile waliwaza barabara ambayo kila mtu huvuka penye mistari, na aliyevuka pengine hawakumweka katika hesabu yao.

Sasa tutazame barabara zetu za Mara. Barabara kuu itokayo Mwanza hupita Bunda na kuendelea hadi Sirari mpakani mwa Kenya, na pale Makutano hukutana na njia ya Musoma na Butiama. Kati ya kijiji na kijiji mtu huvuka pale njia yake inapoikuta lami, kwa kuwa nyumba iko upande huu na shamba la pamba liko upande ule. Wako wanafunzi waendao shule alfajiri. Wako akina mama wenye masinia ya dagaa kichwani na watoto mgongoni. Wako wachunga wenye ng'ombe hamsini. Na wako wengi, wengi mno, wanaosukuma baiskeli zenye magunia ya mkaa, mikungu ya ndizi au sangara kutoka Ziwa Viktoria. Mwanamke wa Tempe alikuwa mmoja usiku ule, lakini hapa kwetu watu wa namna yake ndio umma wenyewe.

Tena yako mengine. Mwaka 2019 wachunguzi wa chuo cha Georgia Tech nchini Marekani walionyesha kwamba mitambo ya kutambua watu barabarani waliyoipima iliwatambua watu wenye ngozi nyeusi kwa usahihi mdogo kuliko wenye ngozi nyeupe. Mwaka 2023 wachunguzi wakiwamo wa King's College London walipima mitambo 8 ya namna hiyo, wakakuta inawakosa watoto zaidi kuliko inavyowakosa watu wazima, kwa tofauti ya karibu asilimia 20. Sababu moja haifichiki: mashine hujifunza kutokana na picha inazoonyeshwa, na picha hizo hazikupigwa Nyasho wala Kiabakari. Basi kumwambia mtoto wa Mara avae kifaa ili aonekane, ilhali mashine haikufundishwa kumwona, ni kumtoza mtoto huyo gharama ya uzembe wa tajiri.

Mfugaji wa Mara humvika ng'ombe wake kengele. Hufanya hivyo kwa sababu ng'ombe ni mali yake, hataki apotee, na ng'ombe hana namna ya kujisemea. Lakini mwananchi si ng'ombe wa mtu. Barabara ile imejengwa kwa kodi yake na kwa jasho la ndugu zake. Hana wajibu wa kulia kengele ili aruhusiwe kupita katika mali yake mwenyewe. Na hatari ya kengele ni hii: leo utaambiwa uivae kwa hiari, kesho itakuwa desturi, na kesho kutwa mtu akigongwa ataulizwa kwa nini hakuwa nayo. Marehemu atahukumiwa kabla ya aliyemwua. Na mkulima asiye na fedha ya kununua saa hiyo, au ambaye betri yake imekwisha akiwa njiani, atakuwa amepoteza haki yake ya kuishi kwa kukosa umeme.

Asitokee mtu wa kusema kwamba tunatia chumvi. Jambo kama hili limekwisha kutokea. Mwaka 1923 katika mji wa Cincinnati, Marekani, watu 42,000 walitia saini zao wakitaka kila motokaa ya mji ule ifungwe kifaa cha kuizuia isipite mwendo wa maili 25 kwa saa, kwa kuwa watoto walikuwa wakiuawa barabarani. Wauzaji wa motokaa waliona biashara yao itaharibika. Walikusanya fedha, wakafanya kampeni kubwa, na shauri lile likashindwa katika kura. Katika miaka iliyofuata wenye motokaa walieneza neno la dharau la kumwita mtu avukaye barabara apendapo, neno lenye maana ya mshamba asiyejua mambo ya mjini, na sheria zikafuata neno hilo. Hivyo mtu ambaye kwa karne nyingi alikuwa mwenye njia, akageuzwa mkosaji katika njia yake. Wananchi wale walitaka kifaa kifungwe kwenye gari, na matajiri wakakataa. Leo, baada ya miaka mia moja, kifaa kimerudi, lakini sasa kinatafutiwa mkono wa mtembea kwa miguu.

Sisi wa Mara tunayo sababu yetu ya pekee ya kulitetea jina la mtembeaji. Mwaka 1934 mtoto wa miaka 12 alitoka Butiama kwenda Musoma kuanza masomo katika shule ya Mwisenge. Mtoto huyo alikuwa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Miaka 33 baadaye, mwezi Oktoba 1967, akiwa Rais wa nchi, alitembea kwa miguu maili 138 kutoka Butiama hadi Mwanza ili kuliunga mkono Azimio la Arusha. Hakuwa mtu aliyekosa gari. Alitembea kwa sababu wananchi wake walikuwa wakitembea, na kwa sababu kwenda kwa miguu halikuwa jambo la aibu katika nchi aliyotaka kuijenga. Njia ya kutoka Butiama kwenda Mwanza ni hii hii ipitayo Bunda. Itakuwa fedheha kubwa kwetu ikiwa katika njia hiyo mtembea kwa miguu atakuwa mtu wa kujitetea kila dakika.

Na kujitetea huko si maneno. Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani ulimwenguni, na kwamba katika kila mia moja, 92 walikufa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, ingawa nchi hizo zina kiasi cha asilimia 60 tu ya magari yote. Ajali ndizo zinazoongoza kuwaua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Shirika hilo hilo linasema kwamba hatari ya kufa kwa mtembeaji agongwaye na motokaa huongezeka mara 4.5 pale mwendo unapopanda kutoka kilometa 50 hadi 65 kwa saa. Mara yenyewe inaijua huzuni ya barabara: mwezi Septemba 2014 mabasi mawili yaligongana huko Sabasaba, wilayani Butiama, wakafa watu zaidi ya 30.

Lakini nchi yetu haikulala, na yafaa tuseme kweli. Kifaa sisi tulikifunga mahali panapostahili, yaani ndani ya basi. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, inaendesha mfumo unaofuatilia mwendo wa mabasi ya masafa, hata dereva apitaye mwendo uliowekwa akajulikana. Abiria hakuambiwa avae kitu. Mtembeaji hakuambiwa avae kitu. Mwenye chombo ndiye aliyefungwa kengele, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 nayo imeweka mwendo usiozidi kilometa 50 kwa saa mahali penye makazi ya watu. Na kwa upande wa barabara zenyewe, huko Dar es Salaam shirika la Amend lilichukua shule zenye hatari, likaweka matuta, njia za waenda kwa miguu, alama za kuvukia na mageti ya shule yasiyofungukia barabarani. Walipopima, waliona watoto waliokuwa wakiumia wamepungua kwa asilimia 26 au zaidi. Kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa mwaka 2019. Hapakutumika kompyuta pale. Yalitumika saruji, rangi na akili.

Wala hatusemi kwamba mtembeaji hana wajibu wo wote. Kipande cha plastiki chenye kuakisi mwanga, ambacho kilibuniwa Finland katika miaka ya 1950, kwanza kwa ajili ya mikokoteni ya farasi, hakina betri, hakimpelekei tajiri ye yote habari za mwendo wako, na humwonyesha mtu gizani kwa dereva wa kila gari, jipya kwa kuukuu. Mkanda wa kung'aa juu ya mkoba wa mwanafunzi na juu ya baiskeli ya mchuuzi ni jambo jema. Na ugawiwe kama chanjo igawiwavyo, pasiwe na wa kuadhibiwa kwa kuukosa.

Basi, haya ndiyo tunayoyataka. Kwanza, kabla ya motokaa yo yote yenye kujiendesha kuruhusiwa katika barabara za Tanzania, Serikali na Shirika la Viwango waipime mbele ya watu wetu walivyo: mama mwenye mzigo kichwani, mchunga na ng'ombe wake, mtoto wa darasa la kwanza, mtu anayesukuma baiskeli usiku, wote bila ya kifaa cho chote mwilini. Ikishindwa kuwaona na kuwahadhari, irudi ilikotoka. Vifaa vya kuvaliwa viwe nyongeza, na sheria iandike wazi kwamba kutovaa hakumpunguzii mtu haki yake wala fidia yake.

Pili, vijana wetu wasikae wakingoja. Pale Butiama tunacho Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia chenye jina la Mwalimu. Wanachuo na washike kazi ya kukusanya picha za barabara za Afrika na kuzifundisha mashine kuwatambua watu wa Afrika. Nchi isiyofundisha mashine itafundishwa na mashine.

Tatu, TANROADS na TARURA zisijenge barabara inayopita kijijini bila ya njia ya waenda kwa miguu. Mkandarasi asilipwe kwa lami peke yake. Diwani na Mbunge waulizwe habari hiyo na wanachama katika mikutano ya tawi, kama waulizwavyo habari za maji na zahanati.

Nne, ndugu zetu madereva, wa mabasi, wa malori na wa bodaboda, ambao wengi wao ni wanachama wenzetu, wajue kwamba ye yote apunguzaye mwendo mbele ya shule anatumikia umma sawasawa na mkulima shambani. Wanao usemi wao wa barabarani kwamba mwenye nguvu mpishe. Usemi huo wafaa kwa wakimbiao tembo huko Serengeti. Haufai kuwa sheria ya nchi iliyojengwa juu ya usawa wa binadamu. Katika nchi ya namna hiyo, mwenye nguvu ndiye anayepisha.

Motokaa zijiendeshazo zitakuja. Tusizikimbie, wala tusizisujudie. Zikija, zimkute Mwananchi wa Mara yuko katika barabara yake, kichwa juu, mikono mitupu, na haki zake zote kamili.